Waheshimiwa wa Delhi na Beijing, mbuzi wa Pangong walishe wapi?

BARUA YA WAZI

KWA: Mheshimiwa Ajit Doval, Mwakilishi Maalum wa India, na Mheshimiwa Wang Yi, Mwakilishi Maalum wa China, katika mazungumzo ya mpaka

NAKALA: Uongozi wa Ladakh, Leh, Uongozi wa Wilaya ya Rutog, Tibet

YAH: MALISHO YA MAJIRA YA BARIDI KANDOKANDO YA ZIWA PANGONG

Waheshimiwa,

Shikamooni. Najua salamu hii haina maana kwenu, lakini kwetu mdogo hafungui mdomo mbele ya wakubwa kabla hajaitoa, hata kama amekuja kulalamika.

Mimi ni mtu wa Kyela, kusini-magharibi mwa Tanzania, nimekulia ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Sina cheo wala sijatumwa na mtu. Nilisoma Punjab miaka minne, na Septemba 2018, kabla sijarudi nyumbani, nilipanda na wenzangu hadi Ladakh, nchi ya milima kaskazini mwa India, kuliona ziwa ambalo kila mwanafunzi alikuwa na picha yake kwenye simu. Nilikaa Pangong siku tatu. Siku tatu hazimfanyi mtu kuwa mtaalamu wa kitu, na sitajifanya. Ila tangu mwaka 2020, kila nikisikia jina la ziwa hilo kwenye habari, linatajwa na vifaru, mizinga, doria, madaraja na raundi za mazungumzo. Mbuzi hawatajwi, au wanatajwa kwa pembeni, kama mtu anayetajwa kwenye mirathi kwa kuwa tu alikuwepo mlangoni. Ndiyo sababu nimekaa kuandika.

Nianze na safari, maana wengi wanaoisoma barua hii kwa Kiswahili hawajafika huko, na nyie wenyewe nadhani mnafika kwa helikopta.

Tuliondoka Leh alfajiri, watu sita kwenye gari moja, vibali vimebanwa kwenye kioo cha mbele. Barabara inapanda hadi kwenye kipito cha Chang La, zaidi ya mita 5,300 juu ya usawa wa bahari. Kwa msomaji wa kwetu: ni mita mia tano na kitu tu chini ya kilele cha Kilimanjaro, na unafika hapo umekaa kwenye kiti cha gari, tumbo limejaa mkate. Dereva alitukataza kukimbia, akatukataza hata kuinama kufunga kamba za viatu. Mwenzetu mmoja aliinama. Ilibidi tumshike mabega.

Baada ya hapo mnashuka, mnapita Tangtse, na ghafla kwenye kona kunatokea utepe wa bluu ambao macho yanakataa kuuamini, kwa sababu kila kitu kingine pale ni rangi ya vumbi. Hakuna mti wala kichaka. Ziwa liko mita 4,225 hivi. Lingekuwa Kilimanjaro, lingekaa kati ya kibanda cha Horombo na kile cha Kibo, mahali ambapo wageni wetu huanza kutapika. Urefu wake ni kama kilomita 134, na upana haupiti kilomita tano. Theluthi moja hivi iko mikononi mwa India, sehemu iliyobaki mikononi mwa China.

Nilichota maji kwa kiganja nikaonja. Si chumvi ya Bahari ya Hindi inayokausha koo. Ni kama mchuzi uliozidiwa maji: chumvi ipo, lakini unaitafuta. Kwenye mawe ya ufukweni ilikuwa imeacha doa jeupe, kama jasho lililokaukia kwenye shati jeusi. Sababu yake dereva alinieleza vizuri kuliko mwalimu wangu wa jiografia: maji yanaingia kutoka milimani, hayana pa kutokea. Zamani yalikuwa yakitoka kwenda mto Shyok na kuingia Indus, halafu njia ikazibwa na kifusi kilichoshushwa na mito ya pembeni. Tangu hapo yanayoondoka ni mvuke tu, na chumvi inabaki. Ajabu ni kwamba upande wa mashariki kabisa, Rutog, ambako mito mikubwa inaingilia, maji ni baridi yasiyo na chumvi na samaki wapo. Ziwa moja, ladha mbili. Na kila kinachomwagwa ndani yake kinabaki humo. Nitalirudia hili baadaye.

Tulilala Spangmik, kwenye nyumba ya mama mmoja aliyekuwa akipangisha vyumba viwili. Alituletea chai ya siagi na chumvi. Nilipokunja uso alicheka hadi akajishika kiuno. Jiko lilikuwa linawaka kwa mavi makavu ya mbuzi na ya yaki, na pembeni yake alikuwa amekaa baba mkwe wake, mzee wa Kichangpa, mfugaji wa kuhamahama, aliyeshuka kutoka malishoni kwa ajili ya goti lililokuwa likimsumbua. Mbuzi wake, zaidi kidogo ya mia mbili, walikuwa bado juu na mwanawe.

Nilimuuliza, dereva akitafsiri, mbuzi wanakaa wapi mwaka mzima. Hakujibu kwa maneno. Aliingiza mkono kwenye kikapu cha kuni zile, akatoa punje za mavi ya mbuzi, akazipanga sakafuni moja moja. Hapa Juni. Hapa Agosti. Hapa Oktoba. Ya mwisho akaiweka mbali, karibu na mguu wa kitanda, akaibonyeza kwa kidole gumba hadi ikasagika kidogo: hapa Januari hadi Machi.

Nikauliza kwa nini wakati wa baridi wasikae tu hapa kijijini, penye nyumba na moto. Alinitazama jinsi bibi yangu wa Kyela angemtazama mtu anayeuliza kwa nini mpunga usipandwe juu ya jiwe. Halafu akaeleza, bila haraka. Baridi ikishika, ziwa lote linaganda, chumvi au si chumvi. Theluji inafunika majani. Lakini kuna mabonde na miteremko ambako upepo unafagia theluji na jua linapiga mchana, na majani, japo yamekauka, yanabaki wazi. Mbuzi jike anahitaji majani hayo hasa, kwa kuwa anazaa Februari na Machi. Akiwa na njaa hana maziwa. Kitoto kinachozaliwa usiku wa nyuzi 30 chini ya sifuri, mama yake hana maziwa, hakifiki asubuhi. Mzee alisema kwamba tayari miaka ile ile ya mwisho malisho yale yalikuwa na masharti: mwaka huu askari wanaruhusu, mwaka unaofuata wanakataa, na hakuna anayekwambia sababu.

Mbuzi hawa ndio wanaotoa pashmina. Ndiyo, dada zangu wa Kariakoo na Darajani, pashmina ile ile, ingawa mingi ya mitandio tunayouziwa kwa jina hilo haijawahi kupita karibu na mbuzi. Pashmina yenyewe ni manyoya ya ndani kabisa, laini kuliko pamba, ambayo mbuzi huyaotesha kwa sababu ya baridi ile ile inayoweza kumuua mwanawe. Wakati baridi inapoisha wanachanwa kwa kitana cha chuma, na mbuzi mmoja hatoi hata nusu kilo kwa mwaka. Ladakh inajulikana duniani kwa kitambaa hicho. Waheshimiwa, hata mkitaka kulitazama jambo hili kwa jicho la hazina tu, hazina yenyewe inatembea kwa miguu minne na inahitaji majani ya Februari.

Sasa turudi kwenye mpaka.

Wazee wa wazee wa mzee yule hawakuwa na shida na mpaka kwa sababu walikuwa wakiuvuka kibiashara. Chumvi ilichotwa kwenye maziwa ya uwanda huo, Tso Kar likiwa mojawapo, ikafungwa kwenye vifuko vidogo na kubebeshwa kondoo. Kondoo, si punda. Kila mmoja na mzigo wake mdogo mgongoni, mamia kwa mamia, wanapita vipito vya milima wakilisha njiani, kisha chumvi inabadilishwa na shayiri. Nilipoyasikia nilikumbuka habari za Uvinza kwetu Kigoma, ambako chumvi iliwavuta watu kutoka mbali karne nyingi kabla ya reli. Chumvi inajua kutengeneza njia. Kilichoziba njia za Changthang, ndio uwanda wenyewe, ni mambo mengine: barabara ya China kupita Aksai Chin iliyokamilika mwaka 1957, mashaka yaliyofuata, na vita vya nchi zenu mbili vya Oktoba na Novemba 1962. Pale Rezang La, juu ya Chushul, tarehe 18 Novemba mwaka huo, kikosi kimoja cha India kilikufa karibu chote. Baada ya hapo pakafungwa. Biashara ya chumvi iliuawa na watu ambao hawakuwahi kubeba hata kilo moja ya chumvi hiyo.

Tangu hapo kuna kinachoitwa Mstari wa Udhibiti Halisi. Jina kubwa kwa mstari ambao hata nyie wawili hamkubaliani unapita wapi. Ukingo wa kaskazini wa Pangong una migongo ya mlima inayoshuka hadi majini, na wanajeshi wameipa jina la Vidole, kuanzia cha 1 hadi cha 8. India inasema mstari uko Kidole cha 8. China inasema Kidole cha 4. Kati ya hapo kila upande ulikuwa ukifanya doria, na kila upande ukimwambia mwenzake amepotea njia. Mei 2020 askari wakapigana pale ziwani kwa mikono na mawe. Tarehe 15 Juni, kaskazini zaidi katika bonde la Galwan, wakauana: askari 20 wa India, na kwa hesabu iliyotolewa na China yenyewe, 4 wa kwake. Februari 2021 mkakubaliana kwamba China irudi mashariki ya Kidole cha 8, India irudi kwenye kambi yake karibu na Kidole cha 3, na katikati asifanye doria mtu yeyote, kwa muda.

Nililisoma tangazo lile nikiwa Mbeya kwenye daladala, nikafurahi. Nasema kweli. Vijana wameacha kuuana, nani asifurahi? Nilifika karibu kushuka ndipo nikaikumbuka ile punje ya mwisho karibu na mguu wa kitanda.

Maana ukanda wa kutenganisha majeshi haukukatwa kwenye mwezi. Umekatwa kwenye nchi yenye majani. Huko Pangong, na kwenye kanda nyingine za mstari huo huo, Gogra na Hot Springs, wenyeji na aliyekuwa diwani wao wa Chushul, Konchok Stanzin, wamesema hadharani tena na tena kwamba sehemu za kanda hizo ni malisho yao ya asili. Askari akiondolewa kwenye ukanda anapelekwa kambi nyingine, mshahara unaendelea, heshima inaendelea. Mbuzi akiondolewa haendi kambi nyingine. Na neno “kwa muda” lina umri tofauti kwenu na kwake. Miaka mitatu mezani ni raundi chache za mazungumzo. Kwa mbuzi ni mizao mitatu. Mtu akipoteza mizao mitatu mfululizo hana kundi tena, ana ukumbusho.

Yapo ya kuwasifu, na sitaki kuwanyima. Makubaliano ya tarehe 21 Oktoba 2024 kuhusu Depsang na Demchok, sehemu nyingine mbili za mstari huo, yalifanya jambo zuri: Desemba mwaka huo Waziri wa Mambo ya Nje wa India alilieleza Bunge kwamba huko Demchok wafugaji wa kuhamahama wangeweza tena kufika kwenye malisho yao ya jadi. Kumbe inawezekana! Kumbe meza ile ile inayozungumzia doria inaweza kuzungumzia nyasi bila kuvunjika miguu. Basi swali langu ni la mtoto mdogo: kama imewezekana Demchok, Pangong imekosa nini?

Nimejaribu kujijibu mwenyewe kwa kusoma mlichoandika nyie. Katika makubaliano ya Aprili 2005 juu ya misingi ya kutatua suala la mpaka, kifungu cha 7 kinasema pande mbili zitalinda maslahi ya watu waliofanya makazi katika maeneo ya mpakani. Waliofanya makazi! Nilipofika hapo niliweka chini kikombe. Mtu wa mwandiko mzuri amekaa ofisini akamlinda mwenye nyumba ya mawe na kumwacha nje mwenye hema la manyoya ya yaki. Sijui kama ilikuwa makusudi. Inawezekana aliyeandika alikuwa akifikiria miji ya sehemu nyingine kabisa ya mpaka wenu mrefu. Lakini Pangong ni nchi ya watu wanaohama. Kwao kuhama ndiko kukaa. Mzee wa Spangmik alikuwa na makazi sita kwa mwaka, na la sita ndilo mlilolifunga.

Najua mnachoogopa, na si haki nijifanye sijui. Kila upande unamwona mchungaji wa upande wa pili kama nguzo ya mpaka iliyovaa kofia. Akipita leo na mbuzi wake, kesho itasemwa: mnaona, hapa ni kwetu, watu wetu wanalisha hapa tangu zamani. Januari 2024 ilisambaa video kutoka Kakjung, karibu na Nyoma, wafugaji wa Ladakh wakibishana na askari wa China waliotaka kuwaondoa, kondoo wametawanyika nyuma yao. Niliitazama mara nyingi. Upande mmoja uliwaita mashujaa, upande mwingine ukawaona wavamizi. Wao walikuwa wanalisha kondoo.

Hapo ndipo naomba mnisikilize mimi wa Ziwa Nyasa, kwa sababu sisi pia tuna mstari usiokubaliwa. Malawi inasema, kwa mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa tarehe 1 Julai 1890, mpaka uko ufukweni kwetu, yaani mtoto wa Kyela akinawa miguu ameshaingia nchi ya watu. Tanzania inasema mpaka uko katikati ya maji. Mwaka 2012 mambo yalichacha kwa sababu ya utafutaji wa mafuta, magazeti yakaandika maneno makali, suala likapelekwa kwa marais wastaafu wa Afrika wakiongozwa na Joaquim Chissano wa Msumbiji. Mwafaka haujapatikana mpaka leo. Mjomba wangu alikuwa mvuvi. Mwaka ule tulimuuliza kama haogopi kuvuka mpaka. Alisema ameingia ziwani tangu akiwa na miaka kumi na hajawahi kugongana nao. Usiku ule ule akaondoka na karabai yake kwenda kuvua usipa.

Siwaambii ugomvi wetu ni sawa na wenu. Sisi hatujapigana vita juu ya ziwa lile, na nyie mna makaburi. Nasema tu kwamba kwetu mstari ulibaki kwenye makabrasha na mtumbwi ukabaki majini, na hakuna serikali iliyopoteza hoja yake kwa sababu mjomba alivua samaki. Na sentensi ya kuwalinda mnayo tayari. Kifungu cha 6 cha makubaliano yenu ya tarehe 7 Septemba 1993 kinasema kwamba kuutaja mstari ule hakuathiri msimamo wa upande wowote juu ya mpaka wenyewe. Ichukueni sentensi hiyo hiyo muivike mbuzi: kwamba kulisha ndani ya ukanda hakumpi mtu haki ya ardhi wala hakumnyang'anyi. Wanasheria wenu wataiandika kwa nusu saa. Wakichelewa sana, saa moja na chai.

Agosti 2025, mlipokutana Delhi, mlikubaliana kuunda kundi la wataalamu la kutafuta sehemu za mpaka zinazoweza kukubaliwa mapema. Mkakubaliana pia kufungua tena biashara ya mpakani kupitia vipito vya Lipulekh, Shipki La na Nathu La. Naomba kundi hilo lipewe kazi moja ndogo zaidi: ramani ya malisho ya baridi ndani ya kanda za Pangong, Gogra na Hot Springs, itengenezwe kwa kuwauliza wafugaji wa pande zote mbili, wa Phobrang, Lukung, Man, Merak na Chushul, na wenzao wa Rutog. Kisha vibali vya Desemba hadi Machi. Jina la mfugaji, idadi ya mifugo, tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka. Hakuna sare, hakuna bendera, hakuna askari wa kusindikiza, hakuna mtu wa kupiga picha akazirushe jioni kwenye televisheni. Mbuzi akivuka ng'ambo kwa bahati mbaya arudishwe kama anavyorudishwa mbuzi wa jirani, na mwenyewe asihojiwe siku mbili.

Mheshimiwa Doval, kwa upande wako kuna la ziada. Tarehe 26 Desemba 2024 jeshi lilizindua sanamu ya Shivaji ukingoni mwa ziwa. Ni shujaa mkubwa wa Maharashtra, simvunjii heshima, lakini wenyeji walihoji hadharani ana uhusiano gani na Pangong, na diwani yule yule wa Chushul akasema hawakushirikishwa. Februari 2023 watu walikimbia kilomita 21 juu ya barafu kutoka Lukung hadi Man, wakaandikwa kwenye rekodi za dunia. Nikafurahi nao pia. Mimi ni mtu wa kufurahi kirahisi. Ila fikiria wewe ni mfugaji umesimama pembeni: mwanariadha wa kutoka mjini anaruhusiwa kwenye barafu, na wewe unaonyeshwa njia ya kurudi. Tangu Ladakh itenganishwe mwaka 2019 na kuongozwa moja kwa moja kutoka Delhi, bila bunge lake, watu wake wamekuwa wakiomba ulinzi wa kikatiba wa ardhi yao. Tarehe 24 Septemba 2025 watu wanne waliuawa Leh kwenye maandamano. Sitaingia kwenye undani wa jambo ambalo lina wenyewe. Nasema mfugaji wa Pangong amefungwa katikati: mbele yake kuna ukanda, nyuma yake kuna ofisi isiyomsikiliza.

Mheshimiwa Wang Yi, kwako naandika kwa uangalifu zaidi kwa sababu upande wako sikufika. Najua kuna daraja mlilojenga kwenye sehemu nyembamba ya ziwa karibu na Khurnak. Picha za satelaiti zilianza kuonyeshwa mwanzoni mwa 2022, na India inasema eneo hilo limekaliwa kinyume cha sheria kwa miaka 60 hivi. Sitaamua kesi hiyo. Nauliza tu: daraja linalobeba magari ya jeshi kwa dakika chache, je, kundi la mbuzi wa Rutog limewahi kulipita? Najua pia mmejenga vijiji vingi vipya kwenye mpaka wa Tibet, nyumba zenye umeme na maji, na huenda wapo waliofurahi kuzipata. Lakini mfugaji anayehamishiwa kwenye nyumba ili awe mlinzi wa mpaka ameacha kuwa mfugaji. Naye pia alikuwa na punje yake ya mwisho mahali fulani.

Nimeahidi kurudi kwenye maji, na nitapita haraka. Nilipokuwa Spangmik niliona bomba la plastiki limetoka nyuma ya kambi ya mahema ya wageni, linaishia kwenye changarawe hatua chache kutoka ziwani. Tangu filamu moja ya Kihindi ya mwaka 2009 ipigiwe pale, wageni wanamiminika, na kila mgeni anataka kuoga maji ya moto. Ziwa halina pa kutokea, kumbukeni. Ziwa Tso Moriri, la huko huko Ladakh, limeorodheshwa kwenye Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhioevu tangu 2002, Tso Kar tangu 2020. Pangong, kubwa kuliko yote mawili, liko nje, na nadhani sote tunajua kwamba si kwa sababu ya ndege kukosekana: bata bukini wa kichwa chenye milia wanazaliana huko na kuvuka Vidole vyote nane bila kibali. Barafu ya milima inayeyuka na maziwa mengi ya uwanda ule yamekuwa yakipanuka tangu miaka ya 1990. Mpimaji mmoja wa India na mmoja wa China, kila mmoja upande wake, wapime kina na chumvi kwa siku ile ile na wabadilishane karatasi. Hilo halihitaji hata mkutano.

Dereva wetu bado tunasalimiana kwa simu, sikukuu zake na zangu. Mara ya mwisho nilimuuliza habari za mzee. Alisema yu hai, goti ni lile lile. Mwanawe ameuza sehemu kubwa ya kundi na kununua mahema manane ya wageni. Amebakiza mbuzi arobaini hivi, na mzee anawajua wote kwa majina.

Hao arobaini wataanza kuzaa Februari. Ikiwa mtakutana kabla ya hapo, naomba barua hii iwe mezani.

Wenu mtiifu,
Mwana wa Ziwa Nyasa
Kyela, Tanzania